Mlango wa Ikulu

Yako maneno mawili ambayo karibu kila mtu katika nchi yetu huyatamka, akisoma gazeti ama akizungumza barazani, wala hafikiri yalikotoka. La kwanza ni ikulu; la pili ni hongo. Yote mawili ni maneno ya bara, ya nchi zile zilizopitiwa na njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Ujiji, ikapita hapa Tabora, ikakata mbuga za Ugogo, ikashuka mpaka Bagamoyo. Baadaye neno moja lilipanda cheo, likawa jina la nyumba ya Rais. La pili likashuka, likawa jina la uovu ambao watu huufanya gizani. Tumeona vema leo kuyachungua pamoja, kwa maana twaamini kwamba aulizaye nyumba ya mtawala ni ya nani, hana budi kuuliza pia ni vitu gani viingiavyo katika nyumba hiyo, na kwa mlango upi.

Neno ikulu si la pwani. Watu wa pwani walikuwa na maneno yao: kasri, jumba, na kule Unguja Waarabu walisema beti. Sultani Barghash alipojenga jumba lake kubwa mwaka 1883 liliitwa Beit al-Ajaib, yaani nyumba ya maajabu. Wala tusisahau kwamba sehemu ya mali iliyoutajirisha mji ule ilitoka huku kwetu, juu ya mabega ya Wanyamwezi. Lakini ikulu ni neno la Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, na maana yake ni makao ya mtemi. Hapa Unyanyembe watu walikwenda Itetemia, mwendo mfupi kutoka mjini, wakasema wanakwenda ikulu, kabla neno hilo halijapewa nyumba nyeupe iliyo kando ya bahari Dar es Salaam. Kwa hiyo mzee wa Tabora asikiapo redio ikitangaza habari kutoka Ikulu, hasikii neno geni la serikali. Asikia neno la nyumbani, lililokwenda mjini likavaa viatu.

Makao hayo yalikuwa ya namna gani? Tusiyafikirie kama jumba la ghorofa. Yalikuwa boma lenye uzio wa miti au ukuta wa udongo, na ndani yake nyumba nyingi: za wake wa mtemi, za watumishi, maghala ya nafaka, mahali pa kutambikia wahenga, nyumba ya kuwekea ngoma za utemi. Mtemi mwenyewe alivaa kibangwa, kipande cha gamba la konokono wa baharini kilicholetwa kutoka pwani, nacho kilikuwa alama ya cheo chake. Wengine husema kwamba jina lake limetokana na kutema, ama kutema pori, ama kukata mashauri. Mashauri yalikatwa ikulu, na wazee wakiwapo. Raia walilima shamba la mtemi na kumletea sehemu ya mavuno, lakini ghala lile lilitazamiwa kufunguliwa wakati wa njaa, na kumlisha mgeni apitaye. Mvua isiponyesha, watu wote walimgeuzia mtemi macho. Na shida ilipozidi, wazee waliweza kumwondoa. Alikuwa na miiko mingi kuliko raia wake. Mkulima wa kawaida aliyechukizwa aliweza kufunga mizigo akahamia nchi ya mtemi mwingine, na wengi walihama kweli. Mtemi hakuwa na pa kuhamia.

Twaweza kusema, basi, ya kwamba kwa desturi njema mtemi hakuimiliki ikulu. Ikulu ilimmiliki yeye. Twasema kwa desturi njema, kwa sababu mambo hayakuwa mema sikuzote, na si haki kuwasimulia vijana habari za zamani kana kwamba babu zetu walikuwa malaika.

Biashara ya pembe na ya watumwa iliwapa watemi bunduki na baruti, na mtu mwenye bunduki nyingi hana haja kubwa ya wazee. Mirambo wa Urambo, ambaye mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora akaifunga njia ya Ujiji, alijenga dola ambayo habari zake zilifika Unguja na Ulaya. Makao yake, Iselamagazi, yalikuwa ngome kubwa, na wageni waliofika kwake walistaajabia akili yake na utaratibu wa mji wake. Sisi nasi hatumdharau. Lakini alipokufa, mwezi wa Desemba 1884, dola ile ilianza kupasuka, na haikupita miaka mingi ikawa vipande. Rugaruga wake walikuwa wamemfuata yeye, si kiti chake. Kila kitu kilikuwa ndani ya mtu mmoja, na mtu mmoja hufa.

Hapa kwetu, mtemi Isike alijizatiti katika boma lenye kuta nene. Wajerumani walilishambulia mwaka 1892 wakashindwa kulitwaa. Mwezi wa Januari 1893 walirudi, wakiongozwa na Tom von Prince. Na Isike, alipoona kwamba adui wamekwisha kuingia, alikwenda katika ghala lake la baruti akalilipua naye akiwa humo. Watu husimulia tendo hilo kwa heshima, na ni haki yao, kwa kuwa si watu wengi waliowakabili Wajerumani kwa moyo kama ule. Hata hivyo, mwenye kutafakari aona jambo la pili. Siku ile mtawala na nyumba yake viliteketea pamoja, na utawala wa Unyanyembe ukaangukia mikono ya wageni, kwa sababu mtu, nyumba na dola vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. Aliyeupata ukuta aliipata nchi.

Tabora ni mji uliojaa nyumba zilizotaka kutawala. Kule Kwihara liko tembe la wakati wa Waarabu, ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872. Leo ni makumbusho, na mlinzi huwafungulia watoto wa shule. Wajerumani walijenga boma lao, na reli ilipofika mwaka 1912 wakajenga pia jumba zuri la wageni wao, ambalo sasa ni hoteli. Mwaka 1916, vita ilipowasukuma kutoka pwani, walipiga hapa hapa Tabora sarafu za dhahabu zenye picha ya ndovu, kama watu waliokuwa na karne nyingine mbele yao. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji waliingia mjini. Ndovu wale wa dhahabu leo hununuliwa na wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya kwa bei kubwa. Serikali iliyowapiga haipo.

Nyumba ya Dar es Salaam nayo ina historia ya aina hiyo. Ilijengwa na Wajerumani iwe makao ya gavana wao. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga. Kisha Waingereza wenyewe, walipokwisha kuitwaa nchi, waliijenga upya, kazi ikamalizika mwaka 1922. Kwa muda wa karibu miaka arobaini gavana wa Kiingereza alikaa humo, mtu ambaye hakuchaguliwa na raia hata mmoja wa nchi hii, wala hakuwa na wazee wa kumwondoa mvua isiponyesha. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ilipata Uhuru, na tarehe 9 Desemba 1962 ikawa Jamhuri, Julius Nyerere akiwa Rais wake wa kwanza.

Hapo pana swali, na halijaisha kuwa swali: je, yafaa taifa huru kuingia katika nyumba ya gavana na kukalia kiti chake? Nyumba hufundisha. Mtu alalaye katika chumba cha gavana, akahudumiwa kama gavana, akapigiwa saluti kama gavana, aweza asubuhi moja akaamka naye ni gavana. Wako wasemao kwamba nyumba za namna hiyo zingebomolewa zote. Sisi hatukubali. Kubomoa ni rahisi, na baada ya kubomoa ingebidi kujenga nyingine, nayo pia ingekuwa na chumba cha kulala. Nchi yetu ilichagua njia ya pili: iliichukua nyumba ile ikaipa jina la bara. Ilikuwa kama ubatizo. Lakini kila mkatekumeni ajua kwamba jina la ubatizo halimfanyi mtu kuwa mtakatifu. Lamwonyesha tu njia iliyompasa. Na jina hili la ikulu lilikwenda Dar es Salaam pamoja na madai yake: ghala lifunguliwalo wakati wa njaa, mashauri yakatwayo mbele ya wazee, mtawala afungwaye na miiko. Ajabu moja ni kwamba neno lilipanda wakati ule ule wenye neno waliposhuka. Mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya watemi, hata ya Unyanyembe, ambako Chifu Abdallah Fundikira alikuwa amekwisha kuwa waziri katika serikali ya Uhuru. Itetemia haikuwa tena makao ya serikali. Ikabaki ikulu moja.

Huyo Rais wa kwanza aliijua Tabora. Alisoma katika shule ya serikali hapa, na tangu mwaka 1946 hata 1949 alifundisha Shule ya Mtakatifu Maria. Ni dhahiri kwamba alilisikia neno ikulu hapa mjini miaka mingi kabla ya kupewa funguo zake. Baadaye alijenga nyumba yake mwenyewe Msasani, akaishi huko na jamaa yake, na Ikulu ikawa mahali pa kazi. Wengi wamelisifu jambo hilo kwa sababu ya unyenyekevu wake, na ni kweli alikuwa mtu wa maisha ya kiasi. Lakini twaona kwamba sifa hiyo yaweza kutupotosha. Kama jambo lote ni unyenyekevu, basi ingetosha kila Rais akae katika nyumba ndogo, na nchi ingekuwa salama. Sivyo. Wako watawala katika dunia hii waliokaa katika nyumba ndogo wakatenda makuu ya uovu. Neno kubwa la Msasani si udogo wa nyumba; ni kwamba zilikuwa nyumba mbili. Moja ilikuwa ya Julius Nyerere, mume wa Maria, baba wa watoto. Nyingine ilikuwa ya Jamhuri. Mtu akijua kwamba ana nyumba yake mahali pengine, hatajisahau kwa wepesi katika nyumba ya watu.

Mwaka 1995, nchi ilipojitayarisha kumchagua Rais katika uchaguzi wa vyama vingi, Mwalimu, aliyekuwa amestaafu Urais tangu 1985, alisema hadharani kwamba Ikulu ni mahali patakatifu, na kwamba yeye hakuchaguliwa na wananchi ili apageuze kuwa pango la walanguzi. Watu wengi wamelirudia neno hilo, wengine bila kulifikiri. Wako hata wanaolitumia kumaanisha kwamba Ikulu isisemwe vibaya, isiulizwe, isisogelewe. Kana kwamba utakatifu ni pazia la kumfichia aliyemo. Hii ni kugeuza maana juu chini. Kitu kitakatifu ni kitu kilichotengwa. Kikombe cha altare hakifichwi. Huinuliwa juu mbele ya watu wote. Kilichokatazwa ni kukichukua nyumbani ukanywea chai. Na Nabii Yeremia, alipomkemea mfalme Yehoyakimu kwa ajili ya jumba lake la vyumba vipana na mbao za mwerezi, hakusema kwamba mfalme asiwe na nyumba. Alimkemea kwa sababu aliwatumikisha watu bila ujira, akamkumbusha baba yake, aliyekula na kunywa kama watu wengine, lakini akawaamulia maskini haki yao.

Sasa tuligeukie neno la pili.

Hongo, katika siku za misafara, haikuwa neno la aibu. Ilikuwa ushuru wa njia. Ugogo ni nchi kavu, visima ni vichache, na msafara wa mamia ya wapagazi uliweza kumaliza kwa usiku mmoja maji ya kijiji kizima. Kwa hiyo watemi wa Kigogo walidai vitambaa, shanga na nyaya za shaba kabla ya kuruhusu watu kuteka maji na kupita. Wasafiri wa Ulaya, kama Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, waliilalamikia sana hongo ya Ugogo katika vitabu vyao. Hawakulalamika hata nusu ya hivyo juu ya maji ambayo wao na punda wao walikunywa. Kiasi kilijadiliwa siku nzima, pengine siku mbili tatu, mbele ya wakuu wa msafara na wazee na kila mtu aliyekuwa na nafasi ya kusikiliza. Speke, aliyesafiri kutoka Unyanyembe kwenda kaskazini mwaka 1861, ameandika kwamba hongo ilipokwisha kupokewa ngoma ilipigwa, kutangaza ya kuwa mtawala ameridhika na wageni waweza kuendelea na safari yao.

Ngoma ilipigwa! Na afikirie msomaji wetu, ni nani leo apigaye ngoma baada ya kupokea hongo?

Hatusemi kwamba ushuru ule ulikuwa wa haki kila mara. Mara nyingi ulikuwa unyang'anyi. Mtemi mmoja aliweza kudai vitambaa vya kutosha kuvika kijiji, na mwenzake wa kesho yake akadai tena. Lakini dhuluma ya hadharani ina dawa. Wapagazi walipiga kelele, wakatupa mizigo, wakatoroka. Wakuu wa misafara walitafuta njia nyingine. Habari ilienea mpaka Bagamoyo, na mtemi aliyezidisha tamaa aliona misafara ikimkwepa. Dhuluma ya sirini haina dawa hiyo, kwa kuwa aliyedhulumiwa hajui ni nani aliyempita usiku. Basi kitu ni kile kile, kitambaa na shanga, au leo noti katika bahasha. Kilichobadilika ni mlango. Zamani kiliingia kwa mlango wa mbele, na ngoma ikapigwa. Siku hizi chaingia kwa mlango wa nyuma, na kila mtu anyamaza. Kwa sababu hiyo neno moja, bila kubadilika hata herufi, lilishuka kutoka ushuru wa watemi likawa kosa la jinai.

Miaka iliyopita, katika mji ambao hatutautaja, tulikuwa na shughuli katika ofisi moja ya umma. Nje, chini ya mwembe, alikuwapo mama mmoja mzee, mwenye kanga mbili zilizochakaa na karatasi zake zimefungwa katika mfuko wa nailoni. Alikuwa ametoka mbali kwa ajili ya kesi ya shamba la marehemu mumewe. Ilikuwa siku yake ya tatu. Tulimwamkia, naye akatuuliza, kwa adabu kabisa, kama mtu aulizaye njia ya kisimani: "Wanangu, eti mlango wa nyuma uko wapi? Wameniambia wenye shida hupitia huko." Aliyemwambia hivyo alikuwa kijana mmoja aliyepita hapo barazani. Mama hakuwa na nia ya kumhonga mtu. Hakuwa na kitu cha kumhonga nacho. Alikuwa ameelewa tu kwamba nyumba ya serikali ina milango miwili, na kwamba ule wenye bendera si wake.

Hatujalisahau neno lile. Kwa maana Ikulu si nyumba moja tu iliyo Dar es Salaam au Dodoma. Kila ofisi yenye bendera ni ukumbi wake wa mbali, na mwananchi wa kijijini ambaye hatamwona Rais maishani mwake huijua Ikulu kwa ofisi hiyo. Kama hapo ameonyeshwa mlango wa nyuma, amekwisha kufundishwa serikali ni nini, wala hotuba ya redio haitamfundisha vingine.

Msomaji mmoja ataweza kusema: Mwataka basi mlango wa Ikulu uachwe wazi kama wa soko? Hatutaki hivyo. Sheikh Abeid Amani Karume, Makamu wa kwanza wa Rais, aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972 alipokuwa Kisiwandui, Unguja, katika makao ya chama chake. Na tangu siku ile si haki kumcheka mlinzi aliye langoni. Mtawala ni amana ya watu, na amana hulindwa. Ila ukuta nao usitegemewe kupita kiasi. Kabaka wa Buganda alikuwa na ukuta mrefu kuizunguka Lubiri yake kule Mengo; tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Obote yaliuvunja, Kabaka akaponea kwa kukimbia, na nyumba ya wafalme ikafanywa kambi ya askari. Palipokosekana maelewano kati ya mtawala na mtawala mwenzake, matofali hayakusaidia kitu. Mlinzi mwema ni yule azuiaye silaha asizuie shauri. Kazi hiyo ni ngumu, twakiri, na hatujui kama liko taifa lililoiweza kabisa.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo twaamini nchi yetu imelipata kuliko watemi wa kale, nalo lastahili kusemwa bila haya. Mara nyingi, zamani za Unyamwezi, mtemi mpya alijenga ikulu mpya; nyumba ilimfuata mtu, ikazeeka naye. Sasa mtu hupita, nyumba hubaki. Ali Hassan Mwinyi alitoka mwaka 1995, Benjamin Mkapa mwaka 2005, Jakaya Kikwete mwaka 2015, kila mmoja alipomaliza miaka yake kumi. Na Rais John Magufuli alipofariki akiwa madarakani, mwezi wa Machi 2021, Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa siku mbili baada ya kifo hicho kutangazwa, katika Ikulu ile ile ya Dar es Salaam, kwa Katiba ile ile. Kumbuka Mirambo na Desemba ile ya 1884. Hapa hakuna rugaruga waliotawanyika, wala baruti iliyowashwa. Nyumba ambayo mwenyeji wake amekufa ilikuwa na mwenyeji mwingine, kwa sababu tangu mwanzo haikuwa ya yule wa kwanza.

Hata katika mambo madogo swali hili la mali ya nani hujitokeza. Bustani ya Ikulu ina tausi tangu zamani. Mwaka 2020 Rais Magufuli aliwapa marais wastaafu, na Mama Maria Nyerere, baadhi ya tausi hao wawafuge majumbani kwao. Watu walicheka, wengine wakapiga picha, na kwa kweli ilikuwa zawadi ya upole. Lakini hapa Tabora tulimsikia mtu mmoja akiuliza, nusu kwa mzaha: aliyetoa ni Rais au ni Ikulu? Swali zuri. Ikiwa taifa litauliza hivyo juu ya ndege, huenda litauliza pia juu ya shamba, na mgodi, na mkataba.

Uamuzi wa kuhamisha makao makuu ya serikali kwenda Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Ilichukua muda mrefu, kama yachukuavyo mambo yetu. Mwezi wa Mei 2020 liliwekwa jiwe la msingi la Ikulu mpya ya Chamwino, na tarehe 20 Mei 2023 Rais Samia aliifungua. Waliojenga walifuata sura ya nyumba ya Dar es Salaam, matao yake na kuta zake nyeupe. Hapo twaomba ruhusa ya kunung'unika kidogo. Wagogo na Wanyamwezi wana nyumba yao ya asili, tembe, yenye paa la udongo na kuta nene zizuiazo jua, na ua katikati ambamo watu wote huonana. Fundi mwenye akili angeweza kuitoa humo sura ya nyumba ya taifa. Badala yake tumebeba kivuli cha jumba la gavana kutoka baharini mpaka nchi kavu. Labda walitaka watu waitambue mara moja, nasi twalifahamu jambo hilo.

Lakini mahali penyewe pametufurahisha. Neno ikulu, lililoshuka kutoka Unyamwezi mpaka pwani, limeanza kurudi. Limekwisha kufika Ugogo, karibu nusu ya njia. Na huko Ugogo ndiko misafara ilikosimama visimani ikalipa hongo. Msafiri wa Tabora apitaye Dodoma siku hizi kwa basi au kwa treni apita katika nchi ambayo babu yake aliipita na mzigo wa pembe begani, akisubiri wakubwa wamalize kubishana juu ya vitambaa mpaka ngoma ilie. Pengine siku moja ataingia Chamwino akiwa na shauri lake. Hatatazama sana weupe wa kuta. Atatazama kama liko daftari langoni, kama jina la mama mwenye mfuko wa nailoni limeandikwa humo kwa zamu yake, na kama aliyefika nyuma yake, akiwa na gari kubwa na bahasha mkononi, ameambiwa naye akae chini angoje.